Mhariri, waliopona ni panya

Mhariri,

Ni kuhusu ile habari yenu ya dawa za nano za ngozi, mliyoipamba na picha ya mkono laini wa mzungu na kichwa cha habari kwamba soriasisi sasa basi. Gazeti lenu nalisoma toka zamani na sijawahi kuwaandikia, ila toka hiyo habari itoke simu yangu haipumui. Shangazi kanitumia, kwaya nzima wamenitumia, mpaka mteja ninayemdai kanitumia, eti dada hongera, umepata dawa. Dawa ipi?

Mimi nauza mitumba pale Memorial, Moshi, na huu ugonjwa ninao toka usichana. Hauambukizi, ni kinga ya mwili imechachamaa, ngozi inayotakiwa ijibadilishe kwa kama mwezi inajibadilisha kwa siku chache tu, inarundikana magamba. Nikikung'uta suruali nyeusi nimwonyeshe mteja, magamba yanadondokea juu yake, mteja anarudisha mkono taratibu anasema ngoja nizunguke kwanza.

Sayansi yenyewe sibishani nayo. Dawa ya kupaka nyingi inaishia juu juu, inafutwa na shuka, kwa hiyo kuifungia kwenye vitone vya mafuta vidogo mno, ndiyo hiyo nano yenu, vijipenyeze kwenye vishimo vya vinyweleo na kuiachia kidogo kidogo penye ugonjwa ni jambo zuri, maana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, na vidonge vya methotreksati vya kutuliza kinga vinataka upimwe ini mara kwa mara. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa kwa vitone vya namna hiyo. Sawa. Lakini mbona ule mstari unaosema waliojaribiwa ni panya mmeuficha chini kabisa? Panya anapakwa imikwimodi, krimu ya kuchokoza kinga, mgongoni kama wiki hivi ngozi ivimbe, halafu anatibiwa, halafu tunaambiwa kapona. Ngozi ya panya ni nyembamba kuliko yetu na ina manyoya kibao, dawa lazima ipenye! Na ugonjwa wake ni wa wiki, wangu umezeeka na mimi.

Sasa sikilizeni. Juzi nimeenda duka la dawa mjini na cheti changu mkononi, nataka klobetasoli niliyoandikiwa na daktari, yule kijana hata cheti hajakiangalia, ananitazama usoni anatabasamu, "Mamdogo unataka ya kung'arisha? Ipo ya kuchanganya na losheni, wiki tu unatakata", na anasema kwa sauti watu wamejaa foleni, nikavuta mkono wa sweta nikamwonyesha kiwiko, ndo akanyamaza, halafu ananiambia tyubu zimeisha, wateja wa mkorogo wamezimaliza! Yani dawa yangu mimi mgonjwa imeisha kwa sababu watu wanaipaka mashavuni wawe weupe, na wanaouziwa hawaambiwi kwamba ni steroidi kali, baadaye uso unatoka mishipa na chunusi wanarudi kununua nyingine. Barabarani wanauza kwenye vikopo havina hata lebo, kila mtu anaona, na nyie mnaandika nano.

Na mwandishi wenu angepanda tu daladala ya KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, pale kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992, ndiko ilikoanzia losheni ya jua ya Kilisun ya wenzetu wenye ualbino. Angewauliza mgonjwa wa mtaani Pasua anahitaji nini mwezi wa saba baridi ikikausha ngozi. Nadhani wangeanza na mafuta mazito ya kupaka, kopo kubwa, bei ya kueleweka.

Ombi langu ni dogo. Habari ya namna hii ikija tena andikeni juu kwa herufi kubwa PANYA WAPONA, na picha iwe ya panya. Halafu dawa ikishafika muweke bei, jina la duka Moshi linaloiuza, na kama kuna tyubu hata mbili zimebaki.

Muuza mitumba, Memorial, Moshi