Ufaransa si Paris peke yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa utalii siukosi, ila kila ikitajwa Ufaransa picha ni ileile: mnara wa Eiffel. Naomba nafasi nieleze habari za bonde la mto Loire, nililopita kwa baiskeli mwaka jana nilipomtembelea binti yangu anayesoma Tours.

Msigune. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na magoti yangu yana umri wangu. Lakini njia yenyewe, waiitayo La Loire à Vélo, ni tambarare karibu yote. Ina urefu wa kilomita 900 hivi, inaufuata mto mpaka Bahari ya Atlantiki, na kila njia panda ina kibao. Tulikodi baiskeli Blois, tukafunga mabegi kwenye keria, tukawa tunanyonga taratibu. Za umeme zipo; nilizikataa kwa ubishi tu.

Kasri la Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519, lina vyumba zaidi ya 400, na Mfalme François I aliyelijenga alikaa humo wiki chache tu katika maisha yake yote. Kwa kodi za nani, nadhani mnajua. Katikati pana ngazi mbili zinazozungukana: binti yangu alishika moja, mimi nyingine, tukawa tunachunguliana kwenye vidirisha bila kukutana mpaka juu.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni Chenonceau. Kutoka Amboise unakatiza msitu, unafika kwenye kasri lililojengwa juu ya maji ya mto Cher. Diane de Poitiers, kipenzi cha Mfalme Henri II, alijenga daraja. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mjane wake Catherine de Medici akamwondoa, kisha akajenga ukumbi mrefu juu ya daraja lilelile. Sakafu yake ni vigae vyeupe na vyeusi, na madirisha yanatazama mto pande zote mbili. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, ukumbi huo ukageuzwa hospitali, wakatibiwa majeruhi zaidi ya 2,000. Vita vya Pili vikaja na makubwa zaidi: mto Cher ukawa mpaka. Mlango mkuu ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi ukafungukia upande wa pili, ambao hawakuwa wameukalia. Wapo waliookoka kwa kupitishwa humo.

Nilisimama kwenye mlango huo kwa muda. Nyuma yangu kundi lililoletwa na basi lilipiga picha katikati ya ukumbi, kiongozi akatazama saa, wakageuka. Hawakufika mlangoni. Ndiyo sababu nasema baiskeli: hakuna anayekupigia honi urudi.

Mkimtuma mwandishi wenu, mwambieni asijaze makasri matatu katika siku moja. Anunue mkate na jibini asubuhi, maana maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana na njaa ya kunyonga baiskeli haina subira. Akichoka, treni za mikoani hupakia baiskeli.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Morogoro