Risala ya Akina Mama Wakulima wa Mwani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, wazee wetu, akina mama wenzangu: assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Karibu pwani yetu ya Tanga. Tunashukuru hukugeuza gari kule korongoni.

Kikundi kilianza na wanachama 9, leo tupo 31. Historia iishie hapo. Kwa upande wa mafanikio, tumejenga ofisi ya kisasa (dirisha litafuata), sabuni yetu ya mwani imeshavuka mipaka ya kata, na khanga hizi za sare tumezilipia wenyewe, isipokuwa doti nne ambazo mwenye duka bado anatuvumilia.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi, ila tumekubaliana tutaje moja tu: boti.

Mwani wenye bei ni kotonii. Zamani tuliufunga hapa karibu, maji ya magotini. Siku hizi maji hayo yanapata moto mno. Ukinyanyua kamba unakuta mwani umekuwa mweupe, unakatika mkononi, na kazi ya wiki sita imekwenda. Kwenye kina kirefu unastawi, lakini huko hakufikiki kwa miguu, na wengi wetu, pamoja na kuzaliwa ufukweni, hatujui kuogelea. Tumebaki na spinosamu, wa bei ya chini. Tunasubiri bamvua, tunashuka maji yakikupwa, tunapandisha magunia kichwani, na kilo 7 hadi 10 za mbichi zikikauka ni kilo 1. Kwa kilo hiyo mama anunue unga, na daftari. Ada ilifutwa 2016, tunashukuru, daftari halikufutwa.

Dafu ulilokunywa limeanguliwa mnazi ule pale. Chini ya mnazi huohuo mgeni wetu mmoja aliahidi boti kabla ya Ramadhani. Hakutaja Ramadhani ya mwaka gani, nasi hatukumuuliza. Kosa ni letu. Aliyemfuata alipima ufukwe kwa futi, akapiga picha, akaaga. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliposimamishwa 2023 tulingoja. Iliporudi 2024 tukaandika upya. Tunaambiwa faili lipo kwenye mchakato.

Tunaomba boti moja ya faiba, mashine yake, na majaketi okozi 31. Ukiona ni vingi, anza na majaketi.

Nakala zako ni mbili, Mheshimiwa: moja ya ofisini, moja ya mfukoni.

Tunaomba kuwasilisha.