Kwa mdogo wangu mwenye kikao Jumamosi

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma mara tatu. Umeniomba shilingi 200,000 za kuahidi kwenye kikao cha michango, ukaongeza: "Dada, nikitaja elfu hamsini mbele ya wale watu, uso nitauweka wapi?" Hela sijatuma, na sitatuma. Nakujibu kwa barua ya wazi, bila kukutaja jina, kwa sababu najua si wewe peke yako unayelala vibaya wiki hii kwa ajili ya daftari la ahadi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwalimu mwenzangu alipokuwa anamwoza binti yake, niliwekwa kwenye kamati. Daftari likapitishwa. Aliyekaa kabla yangu aliandika 300,000. Mshahara wangu niliujua, ada ya mtoto niliijua, lakini kalamu iliponifikia nami niliandika 300,000. Mwenyekiti akasoma kwa sauti, nikapigiwa makofi. Basi, ni hayo makofi tu niliyoyanunua. Kuyalipa kulinichukua miezi 11. Nilikopa ule mkopo wa kausha damu, wa riba kubwa na marejesho ya kila wiki, shemeji yako hajui, nikawa kila Ijumaa nawahi marejesho kabla wadai hawajaja mlangoni. Ijumaa moja sikuwahi. Walikuja wanawake sita wakaketi barazani, majirani wakaona, na ile heshima niliyoikopea ikaishia hapohapo.

Na wakati huo, mdogo wangu, nilikuwa nafundisha Shule ya Jumapili. Niliwakaririsha watoto Mithali 29:25, "Kuwaogopa wanadamu huleta mtego," nami nimo ndani ya mtego hadi shingoni.

Tangu siku ile nimemsoma Sauli kwa jicho lingine. Biblia inasema alikuwa mrefu kuliko watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu. Mtu wa kimo hicho, mfalme, akamwambia Samweli: "Naliwaogopa watu, nikaitii sauti yao." Umeshaambiwa ufalme umeraruliwa kwako, ungeomba nini? Yeye aliomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Naona huruma kila nikifika pale, kwa sababu najiona. Afadhali Sauli hakuwa na Pentekoste nyuma yake. Petro alikuwa nayo, na bado kule Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa vizuri kabisa hadi walipofika wageni kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa kuwaogopa, hata Paulo akamkemea mbele ya wote. Kwa hiyo usijiulize kama kweli umeokoka. Umeokoka. Ugonjwa huu una mizizi mirefu, ndiyo maana.

Bibi yetu wa Kamachumu wewe humkumbuki vizuri. Alikuwa mwana uamsho. Ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu Kagera, ulikuta nyumba nyingi zimejaa siri. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao wakasema: niliiba, nilidanganya, nilimchukia jirani. Walirudisha vitu vya watu. Waliita hivyo kutembea nuruni. Wapo waliowaona ni watu waliopungukiwa akili, lakini kina Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, walitoka humohumo.

Nilikuwa na miaka tisa bibi aliponichukua kwenye ushirika wao. Akasimama, mzee mzima, akasema amewaambia majirani kwamba kitenge alichovaa Krismasi kimeletwa na mwanawe kutoka Mwanza, kumbe alikikopa dukani na deni halijaisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Njiani, tukipita kwenye migomba, nikamuuliza kama hakuona haya. Alitembea kidogo kwanza. Kisha akasema, "Aliyetundikwa uchi mbele ya mji mzima ananijua yote. Nimfiche nani sasa?"

Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilimwelewa nilipoketi na shemeji yako kitandani nikamweleza habari ya mkopo. Alinyamaza siku mbili. Ni siku mbili ngumu, sitakudanganya. Lakini usiku ule nililala, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kulinda.

Baadaye ndipo Marko 1 ilinifungukia. Yesu anatoka majini Yordani, na sauti inasema: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Angalia ni wakati gani. Hajaponya mkoma hata mmoja. Hajahubiri. Mikono yake ni ya fundi seremala tu kutoka Nazareti, na Baba ameshapendezwa. Sisi tumeupindua mpangilio huo: tunafanya kwanza, tunatoa kwanza, tunavaa kwanza, halafu tunatazama nyuso za watu kama zimependezwa. Sura hiyohiyo, wanafunzi wanamfuata alikokwenda kuomba alfajiri wakisema watu wote wanamtafuta. Mji mzima! Akawajibu waende mahali pengine. Aliweza kuuacha mji umlaumu kwa sababu neno lake alikuwa ameshalipata mtoni. Na Waefeso inasema sisi tumeneemeshwa katika huyo Mpendwa. Maana yake neno lile la Yordani limetuangukia na sisi tulio ndani yake, wewe pia, ukiwa na elfu hamsini yako.

Sikuambii uache kuchangia. Kuchangiana ni jambo jema, ndivyo tulivyomzika baba bila kuuza shamba. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwapo, mtu "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo," si kwa kadiri ya asivyo navyo. Soma neno hilo, *hukubaliwa*. Ndilo unalolitafuta kwenye kikao.

Kamati iliyofuata niliandika 30,000. Mkono ulitetemeka. Mtu mmoja akauliza, "Mwalimu, sifuri moja umeisahau?" Wakacheka. Iliniuma, na hadi leo ikitokea huniuma. Siku hizi kabla sijaingia mahali kama pale husimama nje kidogo nikasema kimoyomoyo: Baba, umeshapendezwa nami. Kisha naingia. Kuna siku naingia nimetulia, na kuna siku naingia tumbo likiwa moto.

Jumamosi nenda. Vaa sare ya mwaka jana, haijachakaa. Ukifika getini nipigie kabla hujaingia, nitakuwa nimeacha kazi zote, tuombe hata dakika mbili. Halafu kataje elfu hamsini.

Na kitu kingine. Ujumbe wako haukufanana na wa mtu anayetafuta mchango wa mara ya kwanza. Kama kuna kausha damu umenificha, niambie usiku huu, hata ukinitumia tarakimu tupu bila maelezo. Hilo deni nitalilipa pamoja nawe.

Dada yako