Picha yetu ya Shimoni ilikwenda wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikaa na mama yangu mkubwa hapa Konde, tukaangalia filamu iitwayo For Sama. Ni ya mwaka 2019. Waad al-Kateab, mama wa Kisyria, alishika kamera mwenyewe mjini Aleppo mabomu yakianguka, akawa anamsimulia mwanawe mchanga. Wanazungumza Kiarabu, maandishi ya chini ni Kiingereza, basi nikawa naisimamisha kila mara nitafsiri. Mama mkubwa akanizuia: "Wacha, mwanangu. Mama anayembana mtoto kifuani hivyo, mie namjua."

Anamjua kweli. Siku chache baada ya watu kupigwa risasi kwenye maandamano ya chama cha upinzani CUF ya Januari 27, 2001, tuliondoka Micheweni usiku kwa mashua, kaskazi inavuma, hadi Shimoni, Kenya. Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka. Nilikuwa na miaka tisa. Mama mkubwa alifunga ncha moja ya kanga kiunoni mwangu na nyingine kiunoni mwake, ili tukianguka baharini tuanguke sote.

Kule Shimoni walikuja watu wa kamera. Mmoja alinikuta nalia, akanipiga picha. Nilipoacha kulia akanipa biskuti, kisha akaniashiria nirudi pale pale nilipokuwa nimekaa. Jina langu hakuniuliza, wala mama mkubwa hakuombwa ruhusa. Muafaka, yaani mapatano ya CCM na CUF, ukatiwa saini Oktoba mwaka ule, tukarudi kwetu, na ile picha hatujaiona hadi leo.

Sisemi watoto wa Gaza, wa Sudan na wa Kongo wasipigwe picha. Wapigwe, dunia ione wanayofanyiwa. Lakini mtoto aulizwe, na mzazi wake aulizwe, na mtoto akisema basi, kamera izimwe. Filamu ikishakamilika, irudi kwa wenyewe kabla haijapelekwa kushindania tuzo.

Na nina ombi kwa wanaoleta filamu hizi Zanzibar. Tamasha la filamu la ZIFF limewahi kutoka Ngome Kongwe likafika hadi vijijini, jambo ninalolishukuru sana. Filamu za watoto wa vita zije na sauti ya Kiswahili. Maandishi hayatoshi. Mama mkubwa anasoma msahafu vizuri kuliko mimi, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, na wazee wengi wa Pemba ni kama yeye. Hao ndio waliovuka, na wana mengi ya kuwaambia vijana wakishaona.

Aliyetupiga picha Shimoni, kama bado anayo, namuomba atuletee. Nilivaa gauni la njano la Idi, na kanga kiunoni bado ina fundo. Mama mkubwa ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia halioni tena. La kushoto bado linaona.

Mwalimu wa skuli,
Konde, Pemba