Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Msingi cha Ushirika, Msimu wa Korosho 2018/2019

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika,

Mapato na matumizi atayasoma meneja baada yangu, na mizania imebandikwa ghalani tangu wiki iliyopita, kwa hiyo sitayarudia. Msimu wenyewe mnaujua. Mwezi wa Oktoba wakulima wa mikoa yetu ya kusini walikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Wapo kati yetu waliokwishalipwa na wapo wanaosubiri uhakiki. Orodha ya wanaosubiri iko kwa karani. Asiyeona jina lake asiondoke leo bila kuandikwa.

Muda wangu mwingi nautumia kwa wiki moja tu, wiki ya mwisho ya Juni mwaka jana, 2018, ambayo watu watatu wa chama hiki tuliikaa Dodoma. Nauli ilitoka kwenye fedha zenu, na maneno yamekuwa mengi vijijini: kwamba tulikwenda kutembea, kwamba mbunge wa upinzani hana analoweza, kwamba kura iliposhindwa basi safari yote ilipotea. Nitawaeleza tulichokiona kwa macho yetu.

Jambo lililotupeleka lilikuwa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kwa mujibu wa Sheria ya Tasnia ya Korosho, asilimia 65 ya ushuru ule ilikuwa irudi kuendeleza zao, na asilimia 35 iende Mfuko Mkuu wa Serikali. Hiyo 65 ndiyo salfa yetu ya kupulizia mikorosho, ndiyo miche mipya, ndiyo utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele. Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2018 ulitaka fedha zote ziingie Mfuko Mkuu. Na tulikuwa tumetoka kwenye msimu wa 2017/2018, ambao nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, mavuno ambayo hayakuwahi kuonekana. Mtu anayepulizia mikorosho yake kila mwaka hahitaji kuelezwa mavuno yale yalitoka wapi. Bila salfa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, hula maua yote, na mkorosho unabaki na majani tu.

Tuliondoka huku tukiwa kwenye kupulizia. Mwenzetu mmoja aliwaachia wanawe shamba zima. Basi hadi Dar es Salaam, tukalala, kesho yake Dodoma. Mbunge wetu alitupokea jioni ile ile, akatuketisha, na kabla ya chai akauliza: "Wazee wangu, mmeniletea takwimu?"

Ndugu wanachama, hapo ndipo nilipoona aibu. Tulikuwa na malalamiko mengi na barua yenye mihuri, lakini hatukuwa na hesabu ya mifuko ya salfa tuliyopokea 2017 kijiji kwa kijiji, wala ya tuliyopokea 2018 hadi siku ile. Usiku ule tulikaa na simu, tukimwamsha karani, tukiwaamsha wenyeviti wa vijiji. Saa saba za usiku tulikuwa na karatasi moja iliyojaa nusu. Kosa lile ni la bodi, na mimi ndiye kiongozi wake.

Siku iliyofuata tulikaa ukumbi wa wageni. Spika huwatambulisha wageni baada ya kipindi cha maswali, nasi tukasimama jina la chama chetu lilipotajwa. Sikutegemea jambo dogo kama lile lingenigusa, lakini liligusa. Yule mzee aliyeacha shamba kwa wanawe alifuta macho.

Jumanne, Juni 26, ilikuwa kura ya bajeti. Kila mbunge huitwa kwa jina, akajibu ndiyo au hapana, kwa sababu Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti. Wapinzani katika Bunge lile hawakufika hata theluthi. Hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuipiga akiwa nyumbani, bila kufika Dodoma. Lakini Dodoma nilijifunza kwamba mbunge hafanyi kazi siku ya kura peke yake. Kabla ya siku hiyo mbunge wetu alikuwa amekwenda kuwasikiliza wadau mbele ya Kamati ya Bajeti. Usiku aliandika jedwali la marekebisho akitaka kifungu cha ushuru kiondolewe kwenye muswada. Asubuhi alikuwa kwenye korido akiwafuata wabunge wa kusini mmoja mmoja, wa CCM, wa CUF, wa CHADEMA. Tulimwona akila mkate akiwa amesimama.

Na walisimama pamoja. Hili nalisema kwa sababu chama chetu kina wanachama wa vyama vyote vya siasa, na bodi haitaki korosho igeuzwe bendera. Mheshimiwa Hawa Ghasia, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti wakati ule, alikuwa mbunge wa Mtwara Vijijini kwa tiketi ya CCM, naye katika suala la ushuru alikuwa upande wa mkulima. Mtu wa kusini aliyetetea zao letu tunamshukuru, awe wa rangi yoyote.

Zamu ya mbunge wetu kuchangia muswada ilipofika, alisoma ile karatasi yetu iliyojaa nusu. Dakika za kuchangia ni chache. Katikati akasimama mwingine kumpa taarifa, akaikataa, akaendelea. Kengele ya kwanza ikalia akiwa bado kwenye salfa. Kengele ya pili ikamkatia sentensi akiwa kwenye magunia. Ndipo nikaelewa kwa nini alitaka hesabu kamili: malalamiko hula dakika zote, lakini tarakimu tatu zinatosha kusemwa kabla ya kengele.

Siku za mwisho za wiki, muswada ulipofika Kamati ya Bunge Zima, yaani Bunge lote likikaa kama kamati, Mwenyekiti wa kikao aliwahoji wabunge. "Ndiyo" ilikuwa kubwa kuliko "siyo". Muswada ukapita, na asilimia 65 ikaondoka. Tulitoka nje bila kusemeshana. Mbunge alitufuata, akatupa nakala ya jedwali lake, akasema maneno yetu yameshaingia kwenye Kumbukumbu Rasmi za Bunge na hakuna atakayeyafuta. Kisha akatuomba radhi. Nilimwambia hana deni kwetu kwa kura ile. Narudia kauli hiyo mbele yenu nyote.

Wapo watakaosema Kumbukumbu hazipulizi mkorosho. Ni kweli. Lakini mwaka 2007 Mheshimiwa Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa upinzani wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja juu ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete aliunda Kamati ya Bomani kuhusu madini na kumteua Zitto mwenyewe ndani yake, na mwaka 2010 nchi ikapata sheria mpya ya madini. Aliyeshindwa ukumbini alikuwa ameacha jambo lililoandikwa, likaokotwa.

Kwa hiyo bodi inaleta pendekezo moja la kuamuliwa leo. Bunge la bajeti huanza Aprili. Tunaomba kila kijiji kifungue daftari la pembejeo: mifuko ya salfa iliyopokelewa, tarehe ilipofika, mikorosho iliyopuliziwa, magunia yaliyopungua, na wanachama ambao hawajalipwa. Daftari lifike kwa karani kabla ya Machi 15. Nakala zipelekwe kwa mbunge wetu na kwa kila mbunge wa kusini atakayezipokea, bila kujali chama. Safari hii tusipeleke watu watatu, wawili wanatosha, na bodi isiwachague yenyewe. Mkutano huu uwachague, na mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu wanaookota na kubangua ndio wanaojua hesabu za gunia kuliko sisi.

Naomba majina.