Ondoeni VAT kwa vitabu

Mhariri,

Kando ya kitanda changu kuna rundo la vitabu vinangoja zamu, riwaya, mashairi, tawasifu, na kila nikipita kwa wauza vitabu vya mitumba pale tauni nabeba kingine, juu kipya cha dukani bei haishikiki. Sheria ya 2013 ndio ilileta VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa vitabu, na hii kitu inaniuma sana. Watoto wa majirani wanakuja kuazima kwangu, wengine wanamaliza kabla sijakifungua! Maktaba ya umma ya McMillan hapa Nairobi iko tangu 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara, lakini mtoto wa Githurai atafika huko na nauli gani? Wabunge, bajeti ijayo toeni hiyo kodi.

Msomaji,
Githurai, Nairobi