Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa wilaya: yule mdudu kwenye picha siyo wa kwetu

Mkuu, salamu. Naandika hapa hadharani maana ofisini kila nikija naambiwa nirudi wiki ijayo, na mvua ndo hizo, watu washaanza kupanda.

Ile picha iliyotumwa kwenye grupu la wasap la wakulima, ya kidudu chenye madoa mawili meusi kichwani eti ndo kinacholeta milia ya mahindi (ule ugonjwa wa kirusi unaochora mistari kwenye majani), yule ni Dalbulus maidis. Huyo ni wa kule Amerika, anawatesa watu wa Brazil na Argentina na ugonjwa mwingine wa kudumaza mahindi. Wa kwetu huku anayeeneza milia anaitwa Cicadulina, naye ana madoa mawili kichwani, urefu kama milimita tatu tu, kwa hiyo naelewa mtu akigugo anavyochanganya. Ila matokeo yake sasa kila mtu anakamata chochote kinachoruka akigusa jani, anapiga picha, anatuma "huyu hapa nimempata", wengine wanatuma hadi vile vya kijani vya kwenye maharage, na anayefaidi ni muuza dawa.

Afu hata tukimpata Cicadulina mwenyewe bado kazi ipo. Wako spishi kadhaa, kuna mbila, kuna storeyi, kuna arachidis na wenzao, wanafanana kama vifaranga wa tetea mmoja lakini kueneza kirusi hawalingani, na mbila ndo anatajwa zaidi. Kwa rangi huwezi kuwatenga, na majike ndo kabisa, utakesha na lenzi yako mkononi. Wanaoijua hii kazi wanatafuta dume, wanakata ncha ya tumbo lake, wanailoweka kwenye dawa ya potashi mpaka nyama inayeyuka linabaki gamba, wanaiweka kwenye glisarini, kisha wanaangalia umbo la uume wake kwa hadubini. Ndiyo mkuu, uume, watu wakicheka semina waache wacheke, jibu liko hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utaalamu huu umepita hapahapa Tanga. Storey, mtafiti wa magonjwa ya mimea, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani, juu kule Usambara, na mwaka 1932 akachapisha kwamba hata mbila kwa mbila hawako sawa, kuna wanaoweza kueneza kirusi cha milia na kuna wasioweza, na uwezo huo wanaurithi kwa wazazi wao. Yani karibu miaka 100 iliyopita mtu alikuwa anawatenganisha mpaka kwa ukoo, leo sisi tunatumiana picha ya mdudu wa bara lingine! Sasa afisa ugani akija shambani akahesabu vidudu akasema "ni wengi, pigeni dawa", amejua nini hapo? Na huyu mdudu anatoka kwenye majani ya pembeni na kwenye mahindi ya zamani, leo umepuliza kesho wameingia wengine, na mche ukipatwa ukiwa mdogo ndo basi, gunzi hupati, hata ukija kupuliza baadaye ile milia haifutiki.

Sisemi watu wakae tu mikono mifukoni. Mbegu zinazostahimili milia zipo, Staha na TMV-1 wazee wanazijua, na kupanda mapema pamoja na wenzako kunasaidia kuliko kuchelewa peke yako, haya mngeyatangaza wala hayahitaji hadubini. Ila kabla hamjatuambia tununue dawa ya mdudu fulani tunaomba mdudu huyo ajulikane kwanza, na gharama yake siyo ya kutisha: neti ya kukung'utia majani, chupa ndogo za spiriti, karatasi ya kuandika mahali na tarehe kwa penseli (wino unafutika kwenye spiriti, tafadhali), na mtu mmoja wa kituo cha utafiti mwenye hadubini akubali kuwapokea.

Kwa upande wangu nimeshakusanya, wako kwenye chupa, madume nimeyaweka mbali na majike kadiri nilivyoweza. Ile picha naomba ifutwe kwenye grupu leo hii, na mniandikie hapahapa chini chupa nizipeleke ofisi gani, nimuulizie nani, ili wengine wenye chupa zao nao waone.